Cheti, leseni na kibali cha silaha: vitu vinavyochanganya watu wanaotaka kazi ya ulinzi binafsi

Mtu akitaka kuingia kwenye kazi ya ulinzi wa makampuni binafsi, swali la kwanza anauliza kozi ni ya muda gani na ni shilingi ngapi. Mimi naona hapo ndo watu wanaanza kupotea, kwa sababu kozi sio kitu cha kwanza kabisa. Cha kwanza ni kujua nani anatoa leseni mahali unapotaka kufanya kazi, ana leseni za aina ngapi, na anakubali vyeti vya vyuo gani. Ukianza na kozi unaweza ukalipa, ukasoma vizuri tu, ukapewa cheti chenye muhuri na picha yako, alafu unafika kwenye kuomba leseni unaambiwa hicho chuo hatukitambui, na hapo hela imeshaenda na hakuna wa kukurudishia.

Kwa hiyo tuanze kwa kutenganisha karatasi, maana watu wanaziita zote "vyeti" na ndo zinachanganyika. Kuna cheti cha mafunzo, hiki kinatoka chuoni na kinasema tu kwamba umesoma na umefaulu mtihani. Kuna leseni yako wewe kama mtu, hii inatoka serikalini au kwenye mamlaka iliyoundwa na sheria, na ndo inakuruhusu kusimama lindoni ukalipwa. Kuna leseni ya kampuni, ambayo ni ya mwajiri wako na haina uhusiano na wewe kuwa na yako. Na kuna kibali cha silaha, ambacho ni habari nyingine kabisa na nitakuja nacho mbele. Kuwa na moja hakukupi nyingine. Unaweza kukuta mtu ana cheti hana leseni, kampuni ina leseni lakini nusu ya walinzi wake hawana, au mlinzi ana leseni halali anafanyia kazi kampuni ambayo haijasajiliwa, na hata huyo wa mwisho anaweza kujikuta kwenye matatizo wakati yeye upande wake alifanya kila kitu sawasawa.

Sasa nani anatoa hiyo leseni? Inategemea nchi, na hakuna leseni ya dunia nzima, yeyote anayekuuzia "leseni ya kimataifa ya ulinzi" anakudanganya. Uingereza wana sheria ya mwaka 2001 iliyounda mamlaka inaitwa SIA, na hiyo ndo inampa leseni kila mlinzi mmoja mmoja. Afrika Kusini nao walipitisha sheria yao mwaka huohuo wa 2001, mamlaka yao inaitwa PSiRA na inasajili watu na makampuni yote. Kenya ilipitisha Sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi mwaka 2016 na ikaunda PSRA. Ufaransa mamlaka yao inaitwa CNAPS. Uganda kazi hiyo iko chini ya polisi. India ina sheria ya nchi nzima ya mwaka 2005 lakini utekelezaji uko kwenye majimbo, na Marekani hamna leseni ya serikali kuu kabisa, kila jimbo lina lake, kwa hiyo mtu mwenye kadi ya mlinzi ya California akihamia New York anaanza upya kama hajawahi kufanya kazi hiyo maishani.

Napenda mfano wa Ufaransa kwa sababu unaonyesha mpangilio ulivyo. Kule hata kuingia darasani unatakiwa uombe ruhusa kwanza CNAPS, wanakuangalia rekodi yako kabla hujalipa ada ya chuo, wakikubali ndo unaenda kusoma, ukimaliza unarudi kuomba kadi ya kazi ambayo inadumu miaka 5. Nchi nyingi hazikulazimishi hivyo, ila wewe mwenyewe unaweza kufuata mpangilio huohuo: fungua tovuti ya mamlaka au nenda ofisini kwao, tafuta orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa, soma sifa za mwombaji, ukiona unazo ndo ukalipie kozi. Jina la chuo likiwa halipo kwenye orodha, hata kama mwenye chuo ni kanali mstaafu na ana picha na mawaziri ukutani, achana nacho.

Sifa zenyewe zinafanana sana popote utakapoenda. Umri wa miaka 18 kwenda juu ndo kawaida, na kwenye silaha mara nyingi unapanda, California kwa mfano mlinzi asiye na silaha anaanza na 18 lakini wa silaha ni 21. Kitambulisho halali, haki ya kufanya kazi kwenye hiyo nchi, na rekodi ya jinai, yaani alama za vidole na kile watu wanaita cheti cha tabia njema. Baadhi ya nchi wanataka pia uonyeshe umeishi wapi miaka kadhaa iliyopita, na kama uliishi nchi nyingine ulete rekodi kutoka huko, kitu ambacho kinachukua muda mrefu kuliko mtu anavyofikiri. Anza nacho mapema.

Kuhusu rekodi ya jinai naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna watu wanakata tamaa bila sababu na wengine wanajiharibia wenyewe. Kuwa na kosa la zamani sio lazima kukufungie mlango. Uingereza kwa mfano wanaangalia lilikuwa kosa gani, ulipewa adhabu gani, na muda gani umepita tangu adhabu iishe, kosa dogo la miaka mingi nyuma sio sawa na kosa la kumpiga mtu mwaka jana. Makosa ya wizi, ukatili, silaha, dawa za kulevya na ya kingono ndo yanawaumiza watu zaidi, na inaeleweka, unaomba ukabidhiwe funguo za majengo ya watu. Lakini kinachomaliza wengi ni kuficha. Kwenye fomu kuna swali la makosa ya nyuma, mtu anaandika hapana, alama za vidole zinarudi na ndiyo, na hapo hata kama lile kosa lenyewe wangekusamehe, uongo hawausamehi, maana kazi nzima ya mlinzi inasimama juu ya kuaminika maneno yake. Andika ukweli, weka maelezo, weka na ushahidi wa ulichofanya tangu wakati huo.

Tuje kwenye mafunzo. Watu wakisikia saa za mafunzo zinavyotofautiana wanashangaa. Sheria ya India inataka angalau saa 100 za darasani na 60 za vitendo, zisizopungua siku 20 za kazi. Ufaransa kozi ya msingi ya mlinzi ni saa 175. Ujerumani kiwango cha chini ni mafunzo ya saa 40 kwenye chemba ya biashara na viwanda, ila ukitaka kazi kama ya kusimama mlango wa klabu, kukamata wezi madukani au kufanya doria sehemu za wazi ambazo umma unapita, saa 40 hazitoshi, unafanya mtihani wa maarifa ambao ni mgumu na watu wanafeli. California unafanya kwanza saa 8 za sheria ya ukamataji na matumizi ya nguvu kabla hujapewa kadi, alafu zilizobaki unazimalizia ukiwa kazini mpaka zifike 40 ndani ya miezi 6, na baada ya hapo saa 8 kila mwaka. New York ni saa 8 kabla, 16 ndani ya siku 90 za kwanza kazini, na 8 kila mwaka.

Usizisome hizo namba kama mashindano ya nani ana kozi ndefu. Angalia kitu kimoja, kwamba sehemu kadhaa mtu anawekwa lindoni akiwa na saa 8 tu kichwani. Nane. Siku moja ya darasani alafu usiku uko peke yako na geti na redio. Mimi siamini hiyo inatosha, na ndo maana nasema ukipata nafasi ya kuchagua kati ya kozi mbili zilizoidhinishwa zote, usichague fupi kwa sababu ni fupi. Chagua ile yenye vitendo, ambayo trena anakuweka kwenye tukio la kuigiza, mtu mlevi anakutukana, mtu anakataa kupekuliwa, kengele ya moto imelia na watu hawataki kutoka, na wewe unafanya mbele ya wenzako na unakosolewa.

Na ndani ya mafunzo kuna somo moja ambalo lina uzito kuliko mengine yote na ndo watu wanalichukulia kirahisi: mamlaka yako yanaishia wapi. Wengi wanaingia wakidhani sare na leseni vinawapa nguvu fulani karibu na za polisi. Havikupi. Kwenye nchi nyingi mlinzi binafsi ana haki ileile ya kukamata aliyonayo raia yeyote anayepita barabarani, yaani umeshuhudia kosa zito au una sababu ya kweli, unamzuia mtu, unawaita polisi mara moja na unamkabidhi. Huna ruhusa ya kumhoji masaa matatu kwenye chumba cha nyuma, huna ruhusa ya kumlazimisha aandike maelezo ya kukiri, huna ruhusa ya kuchukua simu yake ukaifungua. Kuna nchi chache sheria imempa mlinzi aliyesajiliwa mamlaka kidogo ya ziada, kama kurekodi majina ya wanaoingia jengoni, na hayo unayatumia kama yalivyoandikwa na sio zaidi. Pia una mamlaka ya mwenye mali, kwa sababu umewekwa na mwenye jengo unaweza kumwambia mtu aondoke kwenye jengo hilo, unaweza kumkatalia kuingia. Ila ukivuka geti ukaingia barabara ya umma unakuwa raia kama raia wengine.

Upekuzi nao uko hivyohivyo. Kupekua begi mlangoni kunategemea ridhaa ya mtu, akikataa hupekui kwa nguvu, unamkatalia kuingia, basi. Kumgusa mwili kuna masharti yake, kwa kawaida anayepekua na anayepekuliwa wawe jinsia moja, iwe sehemu inayoonekana au yenye shahidi, na mtu aelezwe kwanza unatafuta nini. Mlinzi anayejua hivi vitu anazungumza kwa upole kwa sababu anajua hatua inayofuata ni ipi, asiyejua anapaza sauti maana hana kingine.

Nguvu ndo pabaya zaidi. Kanuni inayofundishwa karibu kila sehemu ni kwamba nguvu iwe ya lazima na ya kiasi, unatumia pale tu njia nyingine zimeshindikana na unaacha mara hatari inapoisha. Maneno hayo ni mafupi na kila mtu anayakariri kwa mtihani, ila ugumu wake uko kwenye sekunde chache mtu ameanguka chini na walinzi watatu wamemkalia. Watu wanakufa hivyo. Mtu akilazwa kifudifudi, mikono nyuma, uzito wa mwili wa mwingine uko mgongoni, kifua hakiwezi kufunguka kuvuta hewa, na anapokosa hewa anahangaika ili apumue, walinzi wanafikiri bado anapigana, wanaongeza uzito. Akiwa mlevi, mnene, ana pumu, au amekimbia kabla ya kukamatwa, inakuwa haraka zaidi. Ndo maana kozi nzuri zinafundisha kwamba ukishamdhibiti mtu umgeuze upande au umkalishe haraka iwezekanavyo, mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia kichwa na pumzi, na akisema siwezi kupumua muamini. Usingoje uthibitisho. Kama chuo unachotaka kwenda kinafundisha namna ya kumwangusha mtu lakini hakifundishi hili, hicho chuo kinakuandaa kwenda jela.

Kuna tukio ambalo kila anayesomea hii kazi angefaa kulijua. Tarehe 22 Mei 2017, mtu alijilipua kwenye ukumbi wa Manchester Arena huko Uingereza wakati watu wanatoka kwenye tamasha, wakafa watu 22. Uchunguzi wa umma uliofuata, ripoti yake ya kwanza ikatoka 2021, ulionyesha kwamba mzazi mmoja aliyekuwa anasubiri watoto alimwona yule mtu na begi kubwa, akamtilia shaka, akaenda kumwambia kijana wa ulinzi. Yule kijana hakuwa na redio. Akamweleza mwenzake mwenye redio, naye alijaribu kuita chumba cha udhibiti akashindwa kupata nafasi kwenye mawimbi, akaacha. Walikuwa vijana wa miaka 18 na 19. Mmoja wao alisema alikuwa na hisia mbaya lakini aliogopa kumfuata mtu akaonekana mbaguzi kama atakuwa amekosea.

Mimi siwalaumu wale vijana na sioni kama ni kesi ya watu wawili. Waliwekwa kwenye kazi ambayo ilihitaji mtu aliyefundishwa mambo matatu mpaka yamekuwa mazoea: namna ya kumsogelea mtu unayemtilia shaka kwa kumsaidia, "habari yako, nikusaidie, unamsubiri nani", bila kumtuhumu chochote, namna ya kupeleka taarifa redio ikiwa imejaa, na kwamba una haki ya kusumbua mkubwa wako kwa hofu ambayo inaweza isiwe na chochote. Baada ya tukio lile na mengine, Uingereza waliongeza somo la ugaidi na huduma ya kwanza kwenye mafunzo, kuanzia 2021 huwezi kuingia kozi ya mlinzi wa mlangoni bila cheti cha huduma ya kwanza, na mwaka 2025 wakapitisha sheria inayowalazimisha wenye kumbi na maeneo ya umma kujiandaa na mashambulizi, msimamizi wake akiwa ni SIA hiyohiyo.

Masomo mengine nayapitia haraka kwa sababu yanaeleweka: moto na aina za vizimamoto, huduma ya kwanza, lugha ya redio, afya na usalama kazini, udhibiti wa geti, doria. Ila uandishi usiupite haraka. Daftari la matukio linaonekana kitu cha ukarani, kumbe ndo sehemu pekee ya kazi yako inayofika mahakamani miezi mingi baadaye wakati wewe umeshasahau. Andika saa, andika ulichoona na ulichosikia na sio unachofikiri, andika maneno ya mtu kama alivyoyasema, usiache mistari mitupu, ukikosea kata mstari mmoja uweke saini usifute wala usichane karatasi. "Mtu mlevi alifanya fujo" haisaidii mtu yeyote. "Saa 4:20 usiku mwanaume mwenye shati la bluu alipiga mlango wa kioo mara tatu kwa mguu, alikuwa anayumba na ananuka pombe, alisema nitawaonyesha" hiyo inasimama popote. Na makabidhiano ya zamu yafanyike kwa maandishi, funguo zikihesabiwa mbele ya wote wawili, maana funguo ikipotea kati ya zamu mbili anayeumia ni yule asiye na karatasi.

Leseni zenyewe zina aina. Mlinzi wa kawaida wa jengo, mlinzi wa mlangoni kwenye baa na kumbi yaani baunsa, mtu wa kamera za CCTV, anayesafirisha fedha, bodigadi. Nchi zenye mfumo uliokomaa zinatenganisha, na kufanya kazi ya aina moja kwa leseni ya aina nyingine ni kosa. Uingereza leseni ya mlinzi wa mlangoni inakuruhusu kufanya na ulinzi wa kawaida, lakini ya ulinzi wa kawaida haikuruhusu kusimama mlango wa baa, kwa hiyo watu wengi wanaosomea wanachukua ile ya mlangoni moja kwa moja, wana kazi nyingi za kuchagua. Na kufanya kazi bila leseni kule kunaweza kukupeleka jela hadi miezi 6. Wewe mwenyewe, sio bosi wako peke yake. Afrika Kusini wamegawa kwa madaraja, E ndo chini kabisa, unapanda D, C, mpaka B ambayo ni ngazi ya usupavaiza na A ya umeneja, kila daraja na kozi yake.

Kuna kitu kinaleta ubishi sana, mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja na duka au hospitali badala ya kampuni ya ulinzi. Je naye anahitaji leseni? Jibu linabadilika kulingana na nchi. Uingereza mlinzi wa kawaida aliyeajiriwa moja kwa moja mara nyingi hahitaji, wa mlango wa baa anahitaji hata kama ameajiriwa na mwenye baa. California wao wana usajili wa pekee kwa walinzi wa namna hiyo. Afrika Kusini sheria inawagusa nao. Usikubali kuambiwa na mwajiri "wewe ni wa kwetu huhitaji", nenda kaulize mamlaka, kwa sababu siku ya ukaguzi mwajiri hatasimama na wewe.

Silaha. Kupata leseni ya ulinzi hakukupi haki ya kubeba bunduki, sehemu yoyote. Florida leseni ya mlinzi wanaiita daraja D na ina saa 40 za mafunzo, ya silaha ni daraja G na inaongeza saa 28 zake. Afrika Kusini sheria ya silaha ya mwaka 2000 inataka cheti cha umahiri cha mtu binafsi, na bunduki yenyewe ni ya kampuni, imesajiliwa kwa jina la kampuni, inatoka na kurudi kwenye kabati kwa maandishi. Uingereza walinzi wa kawaida hawabebi bunduki kabisa. Kama umefikiria kwenda upande huo kwa sababu malipo yanakuwa juu kidogo, fikiria pia kwamba kila risasi inahesabiwa, kwamba bunduki inamvuta mtu anayetaka kuiiba, na kwamba mlinzi mwenye silaha ndo wa kwanza kulengwa wanapokuja majambazi. Mtu asikupe bunduki mkononi usiku wa kwanza kwa ahadi kwamba kibali kitafuata. Kibali kinatangulia.

Waliotoka jeshini au polisi wanauliza kama wanahitaji kusoma tena. Sehemu nyingi wanapunguziwa, India kwa mfano wanafanya saa 40 za darasani na 16 za vitendo badala ya zile 160. Nidhamu wanayo, kusimama muda mrefu wameshazoea, silaha wanazijua. Kinachowasumbua ni kuachana na mamlaka waliyokuwa nayo. Askari polisi wa zamani amezoea kusema simama na mtu anasimama kwa sheria, sasa anasema simama na mtu ana haki ya kuendelea kutembea. Ndo maana hata hiyo kozi fupi wasiidharau, hasa sehemu ya sheria.

Upande wa kampuni, kabla hujasaini mkataba omba kuona namba ya usajili wao na uihakiki kwenye orodha ya mamlaka, mamlaka nyingi zina rejista ya wazi onlaini. Uliza nani analipia kozi na leseni. Makampuni mengine yanalipa alafu yanakata kwenye mshahara kidogokidogo, sasa hapo soma: wanakata kiasi gani, mpaka lini, na ukiacha kazi kabla deni halijaisha inakuwaje. Nchi zingine sheria ya kazi inakataza baadhi ya makato hayo. Na kitu cha muhimu sana, leseni yako ni yako. Kampuni ikishikilia leseni yako, cheti chako halisi au pasipoti yako kama dhamana, hiyo ni dalili mbaya, wape nakala.

Hili la kushikiliwa karatasi linawaumiza zaidi wanaokwenda kufanya ulinzi nchi za nje, Ghuba hasa. Ajenti anakwambia cheti cha mafunzo ulichopata nyumbani kinatosha. Hakitoshi. Dubai leseni ya mlinzi inatolewa na SIRA, mamlaka ya ulinzi ya huko, baada ya mafunzo na mtihani wao wenyewe, cheti cha kwenu kinasaidia kukupatia ajira lakini leseni unapatia kule. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza ajenti kabla ya kulipa chochote ni haya: nikifika nikifeli mtihani wa leseni nini kinatokea, nani anagharamia kurudia, na nalipwa kiasi gani katika kipindi ambacho nimefika ila sina leseni. Ajenti mkweli ana majibu ya hayo kwenye mkataba. Anayesema "hamna mtu anafeli" mwache.

Kwa kazi za maeneo ya vita na machafuko kuna tabaka jingine juu ya leseni. Baada ya walinzi wa kampuni ya Kimarekani ya Blackwater kufyatulia raia risasi kwenye uwanja wa Nisour mjini Baghdad tarehe 16 Septemba 2007, wakafa Wairaki 17, nchi kadhaa ambazo zilikuwa zimeshaanza mazungumzo kwa msukumo wa Uswisi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zikatoa Hati ya Montreux mwaka 2008, inayoeleza wajibu wa nchi juu ya makampuni ya ulinzi kwenye vita, ikafuata kanuni ya maadili ya kimataifa mwaka 2010, na mwaka 2013 ukaundwa mjini Geneva umoja wa kuisimamia, unaitwa ICoCA. Hivyo vyote vinahusu kampuni na serikali zaidi kuliko mlinzi mmoja mmoja, ila kama unaitwa kwenda sehemu ya namna hiyo, angalia kampuni ni mwanachama au la.

Watu wanaodhani ulinzi ni kazi ya kupitia tu wakisubiri nyingine, wengi hawajui kwamba ina ngazi. Ujerumani kuna kijana anasomea ulinzi kama fundi anavyosomea ufundi, miaka 3 nusu darasani nusu kazini, na wameanza hivyo tangu 2002. Kuna ASIS, chama cha wataalamu wa ulinzi kilichoanzishwa Marekani 1955, kinatoa hadhi ya kitaaluma inaitwa CPP kwa watu wenye uzoefu wa miaka na waliowahi kubeba dhamana ya kuongoza shughuli za ulinzi, mtihani wake unagusa upelelezi, usimamizi wa hatari, sheria, bajeti. Hiyo sio leseni, haikuruhusu kusimama lindoni popote, ila ukiomba umeneja wa ulinzi wa benki au bandari inasomeka. Katikati hapo kuna mtu wa chumba cha udhibiti, trena, mkaguzi wa malindo, mtu wa kupanga ulinzi wa matukio makubwa. Wanaopanda ni wale ambao ripoti zao zinasomeka na wanaojua kwa nini geti limewekwa hapo lilipo.

Mwisho ni kuhuisha. Leseni ina tarehe ya kuisha, Uingereza kwa wengi ni miaka 3, Ufaransa kadi ni miaka 5, na kuhuisha siku hizi sio kulipa ada tu, Ufaransa wanataka mafunzo ya kujikumbusha na Uingereza kuanzia Aprili 2025 walinzi wa mlangoni na wa kawaida nao lazima warudi darasani kabla ya kuomba upya. Cheti cha huduma ya kwanza nacho kina tarehe yake ambayo hailingani na ya leseni. Ziandike zote mbili kwenye simu, uanze kushughulika miezi minne kabla, kwa sababu rekodi ya jinai ikichelewa na leseni ikaisha saa sita usiku, kuanzia dakika hiyo mwajiri anatakiwa akutoe lindoni, na siku za kusubiri kadi mpya kwa kawaida hazilipwi.